Mwalimu, msikae ndani: jibu kwa wazazi wanaokwenda London kwa mara ya kwanza

"Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Dunda, Bagamoyo. Mwanetu anamaliza shahada ya pili London na sherehe yao ni mwezi wa saba. Ametukatia tiketi mimi na baba yake, siku kumi na sita, na viza tumeshapata. Anaishi sehemu inaitwa Ilford. Shida ni kwamba kila siku yuko kazini mpaka jioni, kwa hiyo mchana tutakuwa peke yetu. Mimi Kiingereza nakimudu. Mzee wangu alikuwa mvuvi, Kiingereza chake ni cha salamu tu, na ana kisukari, anachoma sindano. Nimeiangalia ile ramani ya treni za chini ya ardhi, kichwa kikaniuma. Watu wananiambia tusithubutu kuzipanda bila mwenyeji, tubebe pauni za kutosha mkononi kwa kuwa kadi zetu za huku hazikubaliki kule, na kwamba Wazungu ukiwauliza njia hawakujibu. Je, tukae tu nyumbani tumsubiri mtoto arudi? Na tukipotezana huko chini tufanyeje?"

Wa alaykum salaam, Mwalimu, na shikamoo. Hongera kwa kumlea kijana mpaka hapo. Niliendesha basi London miaka tisa kabla ya kurudi Bagamoyo, na wazazi wa aina yenu niliwabeba wengi: mama kashika mkoba kwa mikono miwili, baba kakaa kimya dirishani. Swali lako nimelisoma mara tatu. Naona hofu yako kubwa ni kupotea, ilhali mimi nikiwafikiria nyinyi wawili, kupotea kunanitia wasiwasi kidogo sana. Ninaloliogopa ni uchovu, pamoja na miguu ya Mzee. Nitaanza na lako, kisha nije kwenye langu.

Ile ramani iliyokuumiza kichwa, Mwalimu, si ramani ya nchi. Aliyeichora, Harry Beck, kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya nyaya za umeme, na mwaka 1931 akaichora reli ya London kwa mtindo huohuo: mistari iliyonyooka, pembe zilizopimwa, vituo vimepangwa kama shanga. Ilianza kutolewa kwa abiria mwaka 1933 na mtindo wake ndio unaotumika mpaka leo. Haikuambii umbali. Inakuambia tu kituo gani kinafuata kipi na wapi pa kubadilisha treni. Ndiyo maana mgeni huona vituo vya Leicester Square na Covent Garden viko mbali mbali, akashuka ngazi, akasubiri treni, akapanda tena juu, kumbe kati yake hapafiki mita 300. Usijaribu kuielewa yote. Kuna vituo 272 na wenyeji wenyewe hawavijui. Chukua kalamu, chora duara kwenye kituo chenu na kingine kwenye kituo mwendacho, uufuate mstari mmoja tu wenye rangi yake. Mengine yote kwenye karatasi ile hayawahusu siku hiyo.

Nyinyi mna bahati ya mahali. Ilford iko kwenye njia iitwayo Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, na ndiyo ningemchagulia mzazi wangu. Vituo vyake vyote 41 unaweza kufika kwenye treni bila kupanda ngazi hata moja, kwa lifti au kwa mteremko. Treni zake zina kiyoyozi. Njia za zamani zilizochimbwa ndani sana hazina, na mwezi wa saba kule chini joto linakaba kama daladala iliyojaa saa nane mchana. Kati ya vituo vya ile reli ya zamani, ni kama theluthi tu visivyo na ngazi.

Sasa mfano wa kosa mtakalolifanya, maana mtalifanya. Asubuhi kutoka Ilford kwenda mjini ni rahisi. Jioni mkirudi, mtakuta jukwaa moja linaleta treni za aina mbili, kwa sababu baada ya kituo cha Whitechapel njia inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Stratford, Ilford na kuishia Shenfield, mkono mwingine unakwenda Canary Wharf na kuishia Abbey Wood. Yenu ni ile iliyoandikwa Shenfield au Gidea Park. Jina la mwisho wa safari liko kwenye ubao juu ya jukwaa, na ndani ya treni sauti inalitangaza. Mkiingia ya Abbey Wood kwa bahati mbaya, mtasikia kituo kinachofuata ni Canary Wharf. Shukeni hapo, ingieni treni ya upande wa pili, rudini Whitechapel, subirini yenu. Mmepoteza kama robo saa, na msipotoka nje ya mageti hamkulipia nauli nyingine. Huko ndiko kupotea kwa London. Ukikosea basi hapa kwetu ukajikuta Msata badala ya Makumbusho, siku imekwisha. Kule treni nyingine inakuja baada ya dakika chache.

Na kupotezana? Wekeni sharti moja kabla hamjatoka nyumbani, na Mzee alirudie kwa mdomo wake. Mlango ukifungwa mmoja ndani mmoja nje, aliye ndani anashuka kituo kinachofuata na kusimama palepale aliposhukia. Aliyebaki anapanda treni inayofuata ya njia hiyohiyo, anamkuta. Hakuna anayerudi nyuma. Wakirudi wote wawili ndipo hupishana. Zaidi ya hapo, Mzee awe na karatasi mfukoni yenye jina lake, simu ya mwanenu, anwani ya Ilford na maneno kwamba ana kisukari, yote kwa Kiingereza. Karatasi, kwa kuwa simu huisha chaji. Wafanyakazi wa vituo wamevaa sare, na kuwasaidia abiria waliokwama ni kazi wanayoifanya kila siku.

Kuhusu kuuliza njia, waliokuambia hawakujibu huenda waliuliza kwa adabu zetu. Sisi tunaanza na habari za asubuhi, za nyumbani, za safari, ndipo tunafika kwenye shida. Mtu wa London akisimamishwa na mgeni anayemsalimia kwa kirefu hudhani anauziwa kitu, anaongeza mwendo. Sema samahani, taja jina la mahali, basi. Atakuonyesha, wengine watakusindikiza. Na usitegemee kukutana na Wazungu peke yao: kwa sensa ya 2021, karibu wakazi wanne katika kila kumi wa mji ule walizaliwa nje ya Uingereza. Nao walifika siku moja wasijue pa kugeukia. Ukikaa Ilford siku mbili utaona mwenyewe maduka ya nyama ya halali, vitambaa na viungo vya pilau.

Niseme la fedha, maana hapo umeambiwa jambo la hatari. Basi la London halipokei pesa taslimu kabisa tangu Julai 2014. Ukipanda na noti, dereva hana pa kuiweka. Maduka na migahawa mingi nayo inataka kadi. Kadi za Visa na Mastercard za benki zetu, zile zenye alama ya mawimbi, kwa kawaida zinakubaliwa kwenye mabasi na treni, lakini lazima benki iwe imeifungulia kadi matumizi ya nje ya nchi. Hilo nenda dirishani ukalifanye mwenyewe wiki mbili kabla ya safari, ukaulize pia wanakata kiasi gani kwa kila muamala wa nje. Pesa za kwenye simu, zinazotuendeshea maisha hapa, hazitawafaa kwenye geti la treni.

Nauli inahesabiwa hivi. Unagusisha kadi unapoingia, unaigusisha tena unapotoka. Mfumo unazikusanya safari zako zote za siku, na zikifika kiwango fulani unaacha kukukata, hata upande mara kumi zaidi. Kwa hiyo hakuna haja ya kununua tiketi ya karatasi, ambayo mara nyingi ni ghali zaidi. Ila mfumo unakutambua kwa kadi uliyogusa. Wiki yangu ya kwanza niliingia kwa kadi na kutoka kwa kadi nyingine ya benki ileile, nikidhani fedha ni zangu tu zote. Mfumo ulinihesabu watu wawili, mmoja aliyeingia asitoke, mwingine aliyetoka asiingie, na wote wawili wakatozwa nauli ya juu kabisa. Kosa lilikuwa langu, nami silisahau. Kila mtu na kadi yake moja, mwanzo hadi mwisho. Wewe na Mzee hamwezi kugawana.

Kwa Mzee, kama hana kadi ya benki, mwanenu amnunulie ile ya usafiri iitwayo Oyster. Kadi yenyewe inalipiwa na hela hiyo hairudi, lakini unaijaza mara moja, hata kwa noti kwenye mashine ya kituoni, na salio halifi. Mtamwachia kijana mkiondoka. Hata wewe, benki yako ikikukata ada kila siku ya matumizi, piga hesabu ya siku kumi na sita. Huenda Oyster ikakutokea nafuu.

Noti kidogo za dharura bebeni, pauni hamsini hadi mia zinatosha. Lakini zikagueni. Noti za pauni za karatasi zimekwisha muda: ya tano na ya kumi ziliondolewa zamani, na ya ishirini na hamsini zilikoma kupokelewa madukani baada ya tarehe 30 Septemba 2022. Zinazotumika zote ni za plastiki laini, ziwe na picha ya Malkia au ya Mfalme. Ndugu wengi wana bahasha ya pauni alizoacha mgeni miaka iliyopita, na msafiri ndiye anayepewa kwa wema. Za karatasi hubadilishwa Benki Kuu ya Uingereza, na sitaki mpoteze siku moja ya safari yenu kwenye foleni hiyo.

Sasa nije kwenye wasiwasi wangu.

London inatembewa kwa miguu kuliko mgeni anavyodhani. Ndani ya kituo kimoja kikubwa, kutoka treni hii hadi ile, unaweza kutembea mwendo mrefu, tena juu ya sakafu ngumu. Sasa fikiria mtu mwenye kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na mguu hupoteza uwezo wa kusema unaumia. Mzee amezoea kandambili na mchanga. Tutamnunulia viatu vipya vya safari, atavivaa siku ya kuondoka, kisigino kitachubuka asijue, na tutagundua kwa damu kwenye soksi. Kidonda cha namna hiyo ndicho ninachokiogopa kuliko treni zote. Viatu vinunuliwe sasa hivi, viwe vya kufunga, vyenye nafasi mbele ya vidole, avivae nusu saa kila siku mpaka vimzoee. Kila usiku kule, wewe Mwalimu uiangalie miguu yake, nyayo na katikati ya vidole.

La pili ni sindano. Mwili unaotembea unatumia sukari nyingi kuliko mwili unaokaa barazani. Akichoma kipimo kilekile cha Bagamoyo halafu akatembea mara tatu yake, sukari inaweza kushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Tena saa za kule mwezi wa saba ziko nyuma yetu kwa saa mbili, na Magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku, hivyo ratiba ya chakula itavurugika bila kujijua. Sitakupa vipimo, siyo kazi yangu. Nendeni kliniki yake pamoja, uso kwa uso na daktari, mwezi mmoja kabla. Mueleze siku kumi na sita, saa mbili za tofauti na kutembea kwingi, awapangie. Insulini isafiri kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, inaweza kuganda ikaharibika. Mkobani kuwe na juisi ndogo au glukosi kila mnapotoka. Akijisikia vibaya ndani ya treni, msivute kengele katikati ya njia. Shukeni kituo kinachofuata, mketi, muite mfanyakazi, msaada unafika haraka zaidi kituoni.

Dawa zake mbebe zote za kutosha na ziada ya wiki. Duka la dawa la kule kwa kawaida haliuzi antibayotiki bila cheti cha daktari, na hata vidonge vya diklofenaki tunavyonunua hapa kwa maumivu ya mgongo vinataka cheti tangu 2015. Kuhusu hospitali, kitengo cha dharura hutibu mtu yeyote bila malipo, ila mgeni akilazwa bili inaanza, na wa kutoka kwetu anaweza kutozwa mara moja na nusu ya gharama. Kateni bima ya safari na mtaje kisukari waziwazi kwenye fomu. Mkikificha, bima ina sababu ya kukataa kulipa. Namba ya dharura ni 999, na ya kuuliza ushauri wa afya ni 111. Pia mwambieni shirika la ndege saa 48 kabla kwamba Mzee anahitaji kiti cha magurudumu uwanjani. Asione haya. Heathrow ni kubwa.

Kwa hiyo mkae ndani? Hapana, Mwalimu. Tokeni, lakini tokeni kwa basi zaidi kuliko treni. Nasema kama dereva, naam, ila sababu ninazo. Kuingia basi hakuna ngazi wala lifti, linainama kando ya barabara, mnaona mji, na kila kituo kinatangazwa kwa sauti. Nauli iliyowekwa Machi 2023 ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu ulipogusa kadi mara ya kwanza unaruhusiwa kubadilisha mabasi bila kulipa tena. Hakuna kondakta wa kumwambia ashushe, mnabonyeza kitufe chekundu. Mnaingia mlango wa mbele, mnatokea wa katikati, na mkiwa kituoni mnainua mkono ili asimame. Namba 25 inaanzia hapohapo Ilford na inapita Whitechapel mbele ya Msikiti wa East London. Ijumaa yenu ya kwanza iwe hapo. Choo chao kina maji, jambo ambalo vyoo vingi vya mji ule havina, hivyo chupa ndogo ya kutawadhia isikose mkobani. Vyoo vya barabarani ni adimu, na Mzee kwa hali yake atavihitaji: makumbusho na vituo vikuu vya reli ndiyo msaada wenu, haja ni bure. Maji ya bomba yananyweka.

Tokeni baada ya saa tatu na nusu asubuhi, wafanyakazi wakishafika makazini, na mrudi kabla ya saa kumi. Nauli ya treni ni ndogo zaidi na viti vinapatikana. Sehemu moja kwa siku, inatosha. Simu isikae mkononi kando ya barabara, maana kuna wakwapuzi wa baiskeli na pikipiki kama wetu tu. Darajani Westminster mtakuta watu wanachezesha vikombe na kijimpira. Ni karata tatu ileile ya stendi, na wanaoshinda ni wenzao.

Mzee mumpeleke mtoni. Mto Thames unapwa na kujaa, na wakati wa bamvua maji yanapanda zaidi ya mita 6 pale mjini. Atakaa ukingoni ausome kuliko msomi yeyote. Woolwich, kwenye ule mkono wa Abbey Wood, kuna kivuko kisicho na nauli tangu kilipoanza mwaka 1889. Boti za abiria za katikati ya mji zinapokea kadi zilezile, ila nauli yake haiingii kwenye kile kikomo cha siku.

Na kanisa la Westminster, wewe mwenyewe, Mwalimu, uliyewafundisha watoto wetu historia. Kuingia kutembea kuna kiingilio kikubwa, kwa hiyo amueni kwa mfuko wenu. Ndani, chini sakafuni, amelala Livingstone, na maandishi ya kaburi yanaanza kwa kutaja mikono ya uaminifu iliyomleta kupitia nchi kavu na bahari. Ni mikono ya kina Susi na Chuma, watumishi wake, na mahali nchi kavu ilipoisha na bahari ikaanza, Februari 1874, ni hapa Bagamoyo. Nilisimama pale siku yangu ya mapumziko nikatamani kumwambia mtu natoka huko, sikuwa na wa kumwambia. Nyinyi mtakuwa wawili.

Vilivyobaki ni vya mizigo. Samli, mtindi na nyama ya kukausha mviache, forodha yao haipitishi nyama wala vitokanavyo na maziwa kutoka kwetu. Plagi za chaja ni zilezile za miguu mitatu tunazotumia hapa. Sweta na koti jepesi la mvua vinatosha kwa Julai. Barua ya daktari ipigwe chapa kwa Kiingereza, itaje insulini na sindano, nakala mbili: moja kwenye mkoba wako, nyingine mfukoni mwa Mzee pamoja na ile karatasi ya anwani.